Beseni la Simu Mbinga, Betri za Taa Mbamba Bay

Kwenye meza ya fundi simu mmoja mjini Mbinga kuna beseni la plastiki lililojaa simu zilizokufa. Nyingi ni za batani. Baadhi hazina mgongo, nyingine zimebaki bodi tupu za kijani, zenye makovu ya solda iliyochomwa ikachomwa tena. Kibanda kinanuka moshi wa solda, na upepo ukigeuka inakuja harufu ya kahawa inayoanikwa. Ni msimu. Wakulima wameteremka kutoka kwenye ngoro za Umatengo na fedha za mavuno, na duka la jirani limepanga nje paneli za sola, redio na simu mpya za kioo kikubwa.

Fundi hatupi kitu. "Hili ndilo duka langu la spea, kaka," ananiambia, huku akichomoa spika ya simu moja na kuipachika kwenye nyingine. Anatikisa, anasikiliza, anamrudishia mama mmoja simu yake ikiwa inalia. Kazi ya namna hii naiheshimu kuliko tanuru lolote la kuyeyusha madini, kwa sababu kifaa hakijawa taka bado. Chini ya beseni kuna simu bandia zilizozimwa nchi nzima Juni 2016. Zilikuwa zinawaka vizuri. Zilichokosa ni mtandao tu. Vioo na vitufe vyake vimekwisha kutoka, kimoja kimoja, kwenda kuponya nyingine.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3. Beseni la fundi huyu haliingii kwenye hesabu ya namna hiyo.

Uwanja wa chuma chakavu uko pembeni ya mji. Mizani imening'inia kwenye mti. Chini yake kuna kompresa za friji, feni zisizo na mapanga, magunia ya waya na safu ya runinga za chogo, zile zilizoanza kuachwa matangazo ya analojia yalipozimwa kuanzia mwisho wa 2012. Kila moja imevunjwa shingo. Kijana mwenye patasi anatafuta koili ya kopa iliyozunguka pale. Akishaipata, runinga haina kazi tena, na kioo chake chenye risasi kinabaki kwenye majani. Nyuma ya ukuta wanachoma waya. Moshi ni mweusi na mzito, unakwaruza koo, na plastiki ikiisha kuungua kopa inabaki majivuni ikiwa nyekundu. Wanaochoma hawana barakoa wala glavu. Mmoja alikuwa mdogo kiasi cha kuwa shuleni saa ile.

Kopa inaondoka. Alminiamu inaondoka. Betri za gari nazo zinaondoka, maana zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Vyote hupanda lori kuelekea Songea, kwenye barabara ileile wanayopita wabeba makaa ya mawe ya Ngaka.

Mimi nilishika njia ya upande wa pili, ya kuteremka ziwani. Lami inazunguka milima, baridi ya Mbinga inabaki juu, na mara joto linaingia dirishani pamoja na harufu ya samaki. Halafu ziwa lote linafunguka. Nyasa lina kina cha zaidi ya mita 700, na maji yake ya chini hayana oksijeni wala hayachanganyiki na ya juu. Mto Shire, mbali kusini, ndio mlango wake pekee wa kutokea. Maji mengi zaidi huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi risasi iliyomo majini.

Mbamba Bay ilikuwa inaanika usipa. Chanja zilikuwa nyeupe, zinameta, na mitumbwi ilikuwa imelazwa mchangani ikisubiri giza, kwa kuwa usipa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Zamani taa ilikuwa karabai, mafuta ya taa na pampu. Siku hizi ni taa za LED na betri. Niliziona za jana kwenye mtumbwi, na za miaka iliyopita kando yake: vifuniko vilivyopasuka, nyaya zenye kutu ya kijani, betri za tochi zilizovimba na kuvuja unga mweupe.

Tumezoea kusikia habari za jaa la Agbogbloshie kule Accra, Ghana, za makontena ya mitumba mibovu kutoka Ulaya. Hapa hakuna meli iliyokuja kumwaga kitu. Vyote hivi vilinunuliwa vikiwa vipya, kwa fedha halali ya kahawa na samaki, na vilileta mwanga na habari kwenye nyumba zilizovihitaji sana. Nchi ina kanuni za taka za elektroniki tangu 2021. Ufukweni sikuona hata pipa.

Kijana mmoja alipita na baiskeli akikusanya chakavu. Alipima kwa macho betri kubwa ya sola, akataja bei, akaifunga kwa mpira nyuma ya kiti. Betri za tochi alizisukuma kwa mguu. "Hizi hazina mnunuzi."

Nikamwamkia mama aliyekuwa akigeuza usipa, nikamuuliza za kwake huzipeleka wapi.

"Chooni, mwanangu. Watoto wasije wakazitia mdomoni."

Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mchanga, si mbali na maji. Nikamwambia kwamba ziko nchi ambako duka linalouza betri hupokea zilizokwisha. Akasimama, mkono kiunoni.

"Basi na huyu anayetuuzia azipokee. Si kila wiki anakuja na katoni zake?"