Tarakilishi ya Kuungaunga

Hoja yangu ni tarakilishi ndogo. Mwalimu wetu analipenda neno hilo, wengine husema ngamizi, lakini huku Umoja ukitaja tarakilishi utaulizwa kama ni ugonjwa. Basi nitasema kompyuta, Mwalimu aniwie radhi.

Nikiwa kidato cha pili, Baba alinikataza kuchagua somo la Kompyuta. "Hilo ni la watoto wa Runda," akasema. Hakuwa mchoyo. Baba ni utingo wa lori, na alikuwa amesikia kwamba KCSE ya somo hilo ina mradi ambao mtahiniwa huutengeneza mwenyewe kwa miezi kadhaa. Ningeutengenezea wapi? Saiba wanahesabu dakika, na hesabu yao haina huruma.

Aliyenitetea ni Mjomba, fundi wa redio na televisheni kule Kariobangi Light Industries. "Shemeji," akamwambia Baba, "hizi mashine kila zikipungua mwili zinapungua bei."

Nilienda kuhakikisha vitabuni, nikakuta ni kweli tupu. Mwaka 1965 kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani ilitoa PDP-8, iliyouzwa dola 18,000 hivi. Wakaiita minikompyuta, kwa kuwa zile kubwa zilijaza chumba kizima! Mwaka 1971 Intel ikauza kijipande kimoja cha silikoni chenye kazi yote ya ubongo wa kompyuta. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka 1975 ikaja Altair 8800, ambayo mnunuzi aliweza kuiunga mwenyewe nyumbani kwa dola 439. Kumbukumbu yake ya mwanzo ilikuwa baiti 256, hata aya hii isingeenea. Mwaka 2012 Waingereza wakatoa Raspberry Pi, ukubwa wa kadi ya benki, dola 35, yenye megabaiti 256. Hiyo ni zaidi ya mara milioni moja!

Lakini jamani, dola 35 ni ya kijibodi kitupu. Bado kiwambo, kibodi, kipanya, na nauli ya kuvuka bahari. Kompyuta zinazofika mitaa yetu ni zile ambazo ofisi zimechoka nazo. Mjomba huzinunua zikiwa maiti, anatoa kiungo hapa anapachika pale, na moja inafufuka.

Likizo ya Agosti nzima nilimfanyia kazi. Nilifagia, nikafungua skrubu, nikapuliza vumbi hadi nikapiga chafya za damu (natia chumvi kidogo). Mshahara wangu ukawa mashine moja iliyotokana na nne. Kiwambo kina mstari wa kijani katikati, lakini inawaka.

Baba aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Na tokeni za stima atanunua nani?" Jumatatu akatia sahihi fomu ya masomo.

Sasa niko kidato cha nne na mradi wangu ni daftari la madeni la kioski cha Mama. Tayari wateja 31 wamo, pamoja na deni la kila mmoja na siku alizochelewa. Jirani mmoja amenijia kisirisiri akiomba jina lake lifutwe. Nimemwambia kitufe hicho bado sijakitengeneza.