Teófilo Stevenson na Bei ya Kukataa

Enzi za ujana wetu Dar es Salaam, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ngumi tulizisikiliza redioni na kuzisoma magazetini. Ndivyo nilivyomjua Teófilo Stevenson, bondia wa ridhaa wa uzito wa juu kutoka Cuba. Mwaka 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, alikutana na Duane Bobick, Mmarekani aliyekuwa amemshinda mwaka mmoja kabla. Konde lake la kulia lilimwangusha Bobick tena na tena katika raundi ya tatu, mwamuzi akasimamisha pambano. Stevenson akarudi kwao na dhahabu, akiwa na miaka 20. Wakati huo nilichompendea ni mkono ule wa kulia.

Mwaka 1976 alitwaa dhahabu ya pili Montreal. Sisi hatukuwapo. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilizuru Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, mshika rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia. Stevenson naye alikuwa akiahidiwa mamilioni ya dola aingie ngumi za kulipwa apambane na Muhammad Ali. Cuba ilikuwa imepiga marufuku michezo ya kulipwa, hivyo kukubali kulimaanisha kuihama nchi. Alikataa, akisema upendo wa Wacuba wenzake unazidi fedha hizo. Nikaanza kumpenda kwa msimamo wake, kwani nasi tulikuwa tumeonja gharama ya msimamo.

Moscow, mwaka 1980, alipata dhahabu ya tatu. Hakuna bondia aliyewahi kushinda tatu katika uzito mmoja kabla yake. Kisha Cuba ikasusia Los Angeles 1984 na Seoul 1988. Katikati ya hapo, mwaka 1986, alitwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa kwa mara ya tatu.

Nilipokuwa mtu mzima niliwafahamu mabondia wetu kwa karibu. Nilimwona kijana aliyevaa jezi ya taifa akibeba mizigo sokoni ili apate nauli ya kwenda mazoezini. Akiuliza posho, huambiwa mzalendo hadai. Jibu hilo liliniuma, hasa Stevenson alipotolewa mfano. Wanaomtaja husahau kwamba Cuba ilimlea tangu kijana, ikampa makocha, nyumba na kazi.

Alifariki Havana Juni 2012, akiwa na miaka 60. Mwaka 2022 Cuba iliwaruhusu mabondia wake kupigania fedha. Sikuona kwamba heshima ya Stevenson imepungua. Alichokikataa kilikuwa chake, na alikikataa kwa hiari. Bondia wetu anayelala njaa hajakataa chochote, amenyimwa. Anayetaka vijana wawe kama Stevenson aanze kwa kuwatunza kama Stevenson alivyotunzwa.