Asilimia 55 au 29?

Leo tuzungumze kuhusu ule mstari wa kijani unaojaa polepole kwenye dashibodi za miradi. Sisi watengenezaji tunauweka kwa sababu unapendeza, lakini kuna watu wanaotoa pesa zao kwa kuutazama.

Hapa Majengo nyumba za Kiswahili za zamani zinabomolewa moja moja kupisha gorofa. Ndugu wanne waliorithi mojawapo walikuwa wakijenga kwa kuchangiana, na dada yao mkubwa aliyeko Muscat ndiye aliyebeba fungu kubwa. Walikubaliana na mkandarasi kwamba kazi ikipita asilimia 50, dada atatuma awamu ya pili ya pesa. Mkandarasi alikuwa na dashibodi aliyotengenezewa na mtu mwingine, na dada akiifungua kwa simu. Siku moja ikasoma 55, ilhali picha alizotumiwa zilionyesha nguzo na vyuma tu! Ndipo nikaitwa niiangalie.

Hakukuwa na wizi, wadau. Ilikuwa hesabu. Mradi ulikuwa na matawi manne:

- Vibali na michoro: sh. 300,000, asilimia 100
- Msingi: sh. 2,000,000, asilimia 100
- Nguzo, kuta na slabu: sh. 6,000,000, asilimia 20
- Umaliziaji: sh. 3,700,000, asilimia 0

Programu ilijumlisha 100, 100, 20 na 0, ikagawanya kwa 4. Hiyo ndiyo 55. Yaani makaratasi ya kibali yamepewa uzito sawa na kuta za gorofa nzima! Ukipima kila tawi kwa thamani yake, kazi iliyofanyika ni ya sh. 3,500,000 kati ya sh. 12,000,000. Hiyo ni asilimia 29. Dada hakufurahi kuiona, lakini pesa zake zilibaki mkononi mwake.

Mti ukiwa na ngazi nyingi, mambo huharibika zaidi, maana kila ngazi inachukua wastani wa wastani wa chini yake. Kanuni ninazofuata ni hizi:

1. Asilimia iandikwe kwenye majani tu, yaani kazi ndogo kabisa. Mzazi asijaziwe kwa mkono.
2. Kila jani liwe na uzito: thamani ya kazi au saa za kazi. Chagueni kimoja, msichanganye.
3. Mzazi ahesabiwe upya kutoka kwenye majani yake yote: jumla ya uzito mara asilimia, gawanya kwa jumla ya uzito. Safu ya jumla nayo ni vivyo hivyo.
4. Andikeni kando ya mstari kinachopimwa. Microsoft Project, kwa mfano, ina asilimia ya muda na asilimia ya kazi, na mbili hizo zinaweza kutofautiana.
5. Vigae vilivyonunuliwa vikakaa stoo si kazi iliyofanyika.

Hata hivyo, uzito peke yake haumalizi habari. Chukueni barabara ya Dongo Kundu, iliyogawanywa sehemu tatu. Ya kwanza, kutoka Miritini, ilifunguliwa 2018. Lakini wakati huo gari bado halikuweza kuifuata likafika Pwani ya Kusini, kwa sababu sehemu ya pili, yenye madaraja ya Mwache na Mteza, ilikuwa haijaisha. Kilomita zilikuwepo, njia haikuwepo. Kwa hiyo chini ya kila asilimia mimi huongeza mstari mmoja wa maneno: kazi gani inazizuia nyingine.

Kama una dashibodi yako, chukua karatasi na kalamu, uhesabu mradi mmoja kuanzia majani mpaka shina. Ukipata nambari tofauti na ya kwenye skrini, mwambie mwenye pesa kabla hajatuma.