Mzigo na Mahali pa Kuushika



Sisi tunaopiga picha katika parokia yetu, hapa Bukavu, tulidhani kwamba kamera ndogo imetuondolea taabu ya uzito. Tunatumia Canon EOS RP, kamera isiyo na kioo ndani, iliyotoka mwaka 2019. Pamoja na betri na kadi yake, ina gramu 485 tu. Siku ya kipaimara tuliazima lenzi ya milimita 70-200 kwa kaka yetu mkubwa, tunayemwita Yaya, ambaye hupata riziki yake kwa picha za arusi. Tulitaka kuzifikia nyuso kutoka mbali, bila kuwasumbua wanaosali.

Lenzi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kamera kubwa zenye kioo. Ina gramu 1490, na adapta ya kuiunganisha na kamera yetu ina gramu 110. Basi kile tulichokitanguliza mbele kilizidi mara tatu uzito wa kamera yenyewe.

Tulifunga stendi ya miguu mitatu chini ya kamera, kama tulivyozoea. Lenzi ilikuja na pete yake yenye kiguu cha kufungia stendi. Sisi wakubwa tuliivua, tukiiona kuwa mzigo wa bure. Kisha tukamweka mdogo wetu wa miaka 15 ailinde. Katikati ya wimbo, stendi iliinama mbele, ikaanguka. Kinga ya lenzi ilivunjika, na ukingo wake ukapinda.

Tulimwambia mbele ya watu: "Ni wewe uliyesinzia!" Yeye alinyamaza. Jumapili mbili zilizofuata hatukumwona.

Tulipomrudishia Yaya lenzi yake, hakupaza sauti. Aliilaza pamoja na kamera juu ya kiganja, akaisogeza polepole mpaka ikatulia bila kuegemea upande wowote. Kiganja kilikuwa chini ya lenzi, mbali na kamera.

"Uzito unakaa hapa," akasema. "Nanyi mlifunga wapi?"

Hatukuwa na jibu. Ndipo akatufundisha. Stendi hufungwa kwenye kiguu cha lenzi, na mguu mmoja wa stendi huelekezwa upande ule ambao lenzi inatazama. Anayepiga kwa mikono huweka kiganja cha kushoto chini ya lenzi, kikabeba karibu uzito wote. Mkono wa kulia hushika kamera kwa wepesi na kubonyeza. Viwiko hukaa karibu na kifua. Wakati wa kutembea, hushikwa lenzi. Kamera haiachwi ining'inize mzigo ule peke yake. Wamama wabebaji wa mji wetu wanalijua jambo hili kuliko sisi: huegemeza gunia mgongoni na kupitisha ukamba kwenye paji la uso, wala hawalibebi kwa mkono ulionyooshwa.

Tulirudi nyumbani kimya. Kamera ile ndogo haikuwa na kosa. Ilifungiwa kitu ambacho haikupaswa kukibeba peke yake. Na mdogo wetu je? Sisi ndio tuliovua pete, nasi ndio tulioazima. Hata hivyo, jambo lilipoharibika, tulimtwika aliye mdogo kuliko wote.

Jioni hiyo tulikwenda kwao, tukamwomba msamaha mbele ya mama yake, kwa sababu tulikuwa tumemwaibisha mbele ya watu. Gharama ya matengenezo tuligawana sisi wakubwa. Yeye aliuliza swali moja tu: "Ile pete iko wapi?"

Leo pete haitoki kwenye lenzi, na mdogo wetu ndiye anayewaonyesha wageni wa kikundi mahali pa kuweka kiganja. Nanyi, mtakapokutana juma hili, ulizaneni: katika kikundi chetu, mzigo mzito tumeufunga kwa nani, na ni nani aliyeweka mkono wake chini yake?