Kumsikiliza Rey Sapienz kwa sikio la Bunia

Kaka yangu mkubwa anaishi Kampala tangu mwaka 2018. Nyumbani Bunia tunamwita Yaya tu. Anatengeneza simu katika kibanda anachogawana na watu wengine wawili, na kila Jumapili jioni alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu au nne. Nyuma ya sauti yake nilisikia pikipiki, redio, na wateja wanaomwita kwa Kiganda. Alianza siku zote vilevile: «Mudogo yangu, uko muzima?»

Mwaka wangu wa pili hapa Kisangani nilianza kumsahihisha. Nilikuwa nimepata alama nzuri katika kozi ya Kiswahili sanifu, na nilitaka kila mtu ajue. Jumapili moja Yaya alisema ana njala, kwa kuwa siku hiyo hakupata mteja hata mmoja. Nilimjibu kwa maandishi: si «njala», ni «njaa», si «mudogo yangu», ni «mdogo wangu», si «banasemaka», ni «husema». Mtu ananiambia ana njaa, nami namjibu kwa sarufi. Jumapili iliyofuata hakutuma sauti. Alituma alama ya kidole gumba, na pesa kidogo kwa njia ya simu. Ikawa hivyo kwa muda mrefu: kidole gumba na pesa.

Ninaeleza jambo hili kwanza kwa sababu bila hilo nisingeweza kusema kwa nini muziki wa Rey Sapienz ulinigusa. Mwenzangu wa chumba ndiye aliyenipa albamu, usiku, saa ambazo intaneti ni rahisi. «Sikia huyu,» alisema, «ni mtu wa kwenu.» Na kweli, Rey Sapienz ametoka Bunia. Alianza na rapu. Mwaka 2012 alikwenda Kampala kwa shughuli za muziki, vita vikazidi huku nyumbani, akabaki kule. Huko akawa mtunzi wa muziki wa kompyuta na mmoja wa waanzilishi wa lebo iitwayo Hakuna Kulala, tawi la Nyege Nyege Tapes. Mwaka 2021 alitoa albamu Na Zala Zala pamoja na kundi lake, The Congo Techno Ensemble, akiwa na Papalas Palata kwenye ngoma na Fresh Dougis anayeimba na kucheza.

Sikuipenda mara ya kwanza. Nimekulia kwenye rumba ya baba na kwaya ya mama, ambako gitaa husubiri zamu yake na mwimbaji husikika kila silabi. Hapa besi inakwaruza kama spika iliyopasuka. Ngoma ya mkono inapita juu ya mashine, na mashine haiipishi. Rapu, dancehall, tekno na midundo ya kwetu vimewekwa katika chungu kimoja bila kuondoa mapovu. Nilifikiri faili imeharibika. Nilimwuliza mwenzangu kama simu yake ni nzima.

Nilibadili mawazo nilipotazama wakicheza mbele ya watu. Rey Sapienz amesimama nyuma ya vyombo vyake. Mpiga ngoma hamfuati tu, anabishana naye, na mchezaji anachukua ubishi huo na kuupeleka miguuni. Hakuna anayemsubiri mwenzake amalize sentensi. Nikakumbuka meza ya nyumbani Bunia: mama anaanza kwa Kiswahili, jirani anadakia kwa Kilendu, mjomba anamaliza kwa Lingala, bei zinatajwa kwa Kifaransa, na hakuna aliyepotea njiani. Yale niliyoyadhani ni makosa ya kurekodi yalikuwa namna ya watu hawa ya kuongea.

Kisha mwanafunzi wa isimu aliyemo ndani yangu akaanza kusoma majina. Tuanze na Na Zala Zala. Katika Lingala, «kozala» ni kuwa, na «nazala» ni «niwe». Neno likirudiwa, kwa sikio langu, linakuwa kama mtu anayesisitiza kwamba yupo na ataendelea kuwapo. Lakini likizo iliyopita niliupiga muziki huo nyumbani, na mama, anayefikiri kwa Kiswahili cha Bunia kabla ya lugha nyingine yoyote, aliacha kuchambua mchele. «Ule mwanaume anasema anazala? Mara mbili?» Kwetu «nazala» ni «ninazaa». Alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Jina moja, hatua mbili kutoka mpaka wa lugha, na tayari ni kuwapo upande huu, kuzaa upande ule.

Jina la Nyege Nyege lina safari ndefu zaidi. Nilipolitaja katika semina, ukumbi mzima ulicheka, maana kwa Kiswahili kila mtu anajua nyege ni nini na hakuna anayelitamka mbele ya mwalimu. Lakini waandaaji, Arlen Dilsizian na Derek Debru, hueleza kwamba kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza isiyozuilika. Tamasha lao lilianza mwaka 2015 karibu na Jinja, kandokando ya Nile. Mwaka 2022 Bunge la Uganda lilitaka kulizuia kwa sababu ya maadili, kisha serikali ikaliruhusu kwa masharti. Mwalimu alituacha tucheke, halafu akauliza: «Basi hilo ni neno la Kiswahili au la Kiganda?» Hakuna aliyejibu vizuri. Mimi nilijibu kwamba inategemea nani anasikia, akaniambia hilo si jibu, ni mwanzo wa swali.

Na Hakuna Kulala? Hapa hakuna fumbo la lugha, ni Kiswahili ambacho mtu wa Zanzibar na mtu wa Goma wanakisoma sawasawa. Kwetu Bunia h mara nyingi huanguka, tunasema «akuna kulala». Lubumbashi watasema «hamuna». Kijana wa Kampala akiona jina hilo anafikiria muziki hadi alfajiri. Kupitia mlango huo wamepita wengi: Slikback kutoka Kenya alitoa Lasakaneku mwaka 2018, na MC Yallah, anayechana kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, alitoa Kubali mwaka 2019 pamoja na Debmaster. Lakini mama aliposikia jina la lebo hakucheka tena. Mwezi wa tano mwaka 2003, Bunia ilipokuwa inapigwa, alilala akiwa amevaa viatu, mimi mtoto mdogo nimefungwa mgongoni, mfuko wa unga karibu na mlango. «Akuna kulala,» alisema polepole. «Ile tunaijua.»

Sijui kama Rey Sapienz aliwaza usiku wa namna hiyo jina hilo lilipochaguliwa, na sitaki kumsemea. Ninachojua ni kwamba mtu wa Bunia hawezi kulisikia bila usiku huo kuingia. Maneno hayo mawili yamevuka mpaka yakawa sherehe, na hayakuacha maana yake ya kwanza barabarani. Zamani niliamini kwamba neno likihama, moja kati ya maana zake lazima iwe kosa. Nilimtendea Yaya hivyohivyo: nilidhani Kiswahili chake kinaharibika kwa kukaa na Waganda, na kwamba kazi yangu ni kukirudisha shuleni.

Aibu yangu ilikamilika mwaka wa tatu, katika kozi ya isimu linganishi ya Kibantu. Mwalimu aliandika ubaoni maneno ambayo Kiswahili cha pwani kilidondosha l katikati ya irabu: «njala» ikawa «njaa», «kuzala» ikawa «kuzaa», «kufungula» ikawa «kufungua». Akaandika pembeni Kiganda «enjala» na Lingala «nzala». Iwe sisi wa mashariki ya Kongo tuliitunza l hiyo au tulirudishiwa na lugha jirani, haikuwa uchafu. Yaya, akiwa na njaa ndani ya kibanda chake Kampala, alikuwa ametamka neno ambalo majirani zake wa Kiganda wangelielewa kuliko langu. Nilikuwa nimemfuta babu ili nimsifu mjukuu.

Najua baadhi ya wasomaji wa jarida hili watasema muziki huu si mfano mzuri wa lugha. Sikubali, lakini naelewa woga wao. Tunafundishwa kwamba bila sanifu hatutaandika vitabu vinavyosomwa Dar es Salaam, na ni kweli. Hata makala hii nimeiandika kwa sanifu, na ninaipenda. Ninachokataa ni kuitumia kama ufagio. Wanamuziki hawa watatu hawakuusafisha mwaruzo wa besi ili muziki wao upite mpaka. Waliuacha, ukapita nao, na watu wasiojua neno hata moja la Lingala wakaucheza.

Kwa sababu hiyo nimebadili mada ya kazi yangu ya mwisho. Nilikuwa nimepanga kuhesabu «makosa» ya wasemaji wa Bunia walioko ugenini. Sasa nataka kuandika wanavyosema, pamoja na pikipiki, redio na wateja nyuma yao. Ili nianze, nilihitaji sauti ya mtu mmoja.

Nilirekodi ujumbe mara tano kabla ya kuutuma. Mara nne za kwanza sauti yangu ilikuwa ya mtangazaji wa habari. Mara ya tano niliacha ilivyo: «Yaya, uko muzima? Niko na njala ya kukusikia.» Siku mbili zilipita bila kitu. Jumapili jioni ukaja ujumbe wa dakika nne na nusu. Kwanza alicheka sana. Kisha akaniambia habari za kibanda, kodi iliyopanda, na mteja aliyeleta simu iliyoanguka ndani ya chungu cha maharagwe. Nilimwomba ruhusa ya kuandika maneno yake katika kazi yangu. Alikubali kwa sharti moja, na mtu anayeshinda siku nzima akikarabati vitu vya wengine alijua anachokisema:

«Andika. Lakini usitengeneze.»