Benchi la Baba ni Meza ya Mtoto

Ukitoka Karatu kwenda Mbulu, barabara inapanda. Baridi inaongezeka kila kilometa. Utaona mashamba madogo madogo kwenye miteremko, na ng'ombe wachache karibu na kila nyumba. Uwanda wa Mbulu uko juu ya Bonde la Ufa. Sehemu nyingine zinapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa saba watu huvaa makoti hata mchana.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mahindi, maharage, ngano na vitunguu saumu. Lakini bwana shamba huingia katika nyumba nyingi, na akiingia huona mengi. Leo twende pamoja katika nyumba hizo. Hatutaangalia ghala. Tutaangalia benchi, kigoda, sanduku na kichanja. Pia tutamtafuta mtoto wa miaka 3, 4 au 5. Yuko wapi? Anafanya nini?

Katika nyumba nyingi za Mbulu utamkuta jikoni, karibu na mafiga. Ana haki ya kuwa hapo, kwa sababu nje kuna baridi. Nyumba za zamani za Wairaqw ni tembe. Tembe ni nyumba fupi yenye paa la udongo. Nyingine zimechimbwa kuingia katika mlima. Tembe lina joto, lakini ndani ni giza. Mwanga mwingi huingia mlangoni. Siku hizi nyumba za matofali na bati ni nyingi, lakini jiko bado ni lile lile. Mtoto hukaa kwenye moshi. Huchokonoa moto kwa kijiti. Sufuria la uji likipinduka, huungua. Kama umewahi kumwona mtoto aliyeungua, hutahitaji maneno mengi hapa.

Sasa angalia upande wa pili, sebuleni. Pana makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe. Pana meza ndefu. Mtoto akigusa kitambaa, anafukuzwa. Vitambaa hivyo vinasubiri mgeni anayekuja mara mbili kwa mwaka. Mtoto anayekaa humo kila siku hana mahali pake.

Je, ni lazima ununue viti na meza vya watoto? Hapana. Mjini vinauzwa vya plastiki, vya rangi nzuri. Mwenye fedha anunue. Lakini chukua rula au futi ya fundi, upime benchi lako la kawaida. Benchi la watu wazima lina urefu wa sentimita 45 hivi kutoka chini. Meza inayomfaa mtoto mwenye kimo cha mita 1 ni ya sentimita 46 hivi. Umeona? Benchi lako ni meza ya mtoto. Liko ndani ya nyumba tayari.

Na kiti chake? Mtoto huyo anafaa kukaa kwenye kiti cha sentimita 26 hivi. Kigoda cha jikoni kinakaribia kimo hicho. Kama huna futi, usihangaike. Mkalishe mtoto juu ya kigoda. Nyayo zake zote mbili ziguse chini. Magoti yasipande kifuani. Kisha aweke mikono juu ya benchi. Viwiko vikae sawa na ubao, na mabega yasiinuke. Kigoda kikiwa kirefu, weka ubao chini ya miguu yake. Kikiwa kifupi, kunja gunia uliweke juu.

Weka benchi karibu na mlango au dirisha, mbali na moto. Kama mtoto anatumia mkono wa kulia, mwanga utoke kushoto kwake. Hivyo kivuli cha mkono hakitafunika kazi yake. Sakafu ya Mbulu ni baridi. Tandika majani makavu, juu yake gunia safi au ngozi ya ng'ombe. Jioni kunguta majani hayo, viroboto wasifanye makao. Benchi lirudishe mahali pake. Wazee watalikalia na hakuna kilichoharibika.

Kutoka Mbulu tushuke Dongobesh, kisha tuendelee hadi Haydom. Hapa ndipo ilipo Hospitali ya Kilutheri, iliyoanza mwaka 1955. Watafiti walifanya kazi Haydom miaka ya 2009 hadi 2014. Waliwafuata watoto tangu kuzaliwa. Walipima chakula, magonjwa, kimo na maendeleo ya akili. Haydom ilikuwa moja ya sehemu 8 duniani zilizofanya utafiti huo. Walijumlisha mambo hayo kwa sababu mwili na akili za mtoto mdogo hukua pamoja. Mtoto anahitaji uji wenye maziwa. Anahitaji pia mtu wa kuzungumza naye.

Serikali nayo ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo Desemba mwaka 2021. Inahusu watoto tangu mimba hadi miaka 8. Inataja mambo matano: afya, lishe, malezi yenye kumjibu mtoto, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mimi naona benchi lile karibu na mlango linagusa matatu kati ya hayo. Mtoto yuko mbali na moto. Anajifunza. Na mama akiwa anachambua maharage hapo karibu, anamjibu.

Maharage hayo hayo ndiyo kitabu chake cha kwanza. Mpe ya rangi mbili, ayatenge. Kubwa huku, ndogo kule. Ahesabu matano, ayaweke katika kifuniko. Ahesabu kwa lugha anayoijua. Kama nyumbani mnasema Kiiraqw, aanze na wak, tsar, tam. Kisha mwambie moja, mbili, tatu. Kuna watoto wanaofika darasa la awali hawajazoea Kiswahili. Wanakaa kimya, na mwalimu anaweza kudhani hawana akili. Wana akili sana. Mtoto anayejua vitu vitatu ni vingapi kwa lugha ya mama, amebakiza kujifunza jina jipya tu.

Hapa nasema kama bwana shamba, na nisikilize vizuri. Mbegu za dukani zimepakwa dawa. Zina rangi nyekundu, kijani au buluu. Usimpe mtoto achezee hata moja. Dawa hiyo ni sumu. Tumia nafaka ya chakula ambayo haijawekwa dawa ya ghala. Makopo na chupa za dawa za shamba pia si vitu vya kuchezea, hata ukiviosha mara kumi. Na mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe maharage wala punje za mahindi. Ataziingiza puani au atapaliwa. Yeye mpe vitu vikubwa ambavyo haviingii mdomoni: magunzi mazima, vikombe, vibuyu.

Ubao wa kuandikia unaweza kuwa ukutani. Chagua mahali palipolingana na macho ya mtoto akiwa amesimama. Lainisha ukuta kwa udongo, uache ukauke. Twanga mkaa wa kuni uwe unga, uchanganye na uji mwepesi, upake mara mbili au tatu. Kipande cha muhogo mkavu kitaandika kama chaki. Watu wengine hupasua betri za redio na kutumia weusi wake. Acha. Weusi wa betri una madini yanayodhuru, na mikono ya mtoto huenda mdomoni mara mia kwa siku.

Ukiondoka Haydom kuelekea Katesh utapita Basotu. Hapa nchi inafunguka. Utaona ziwa, na mashamba makubwa ya ngano. Katika miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO lililima ngano hapa kwa msaada wa Kanada. Wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao mengi wakati huo, na jambo hilo halijasahaulika.

Kwa wafugaji, nyumba ina fanicha chache. Kuna kigoda, kitanda na ngozi. Je, hapo tufanyeje? Sanduku la mbao la kubebea nyanya linatosha. Ukiligeuza kifudifudi, ni meza. Ukilisimamisha kwa ubavu, ni rafu ya vitu vya mtoto. Ngozi ni mkeka wake. Na Wabarabaig wana darasa ambalo wengi wetu hatuna: zizi. Mtoto wa hapa hujua ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo kabla hajaenda shule. Mwulize ndama wangapi ni wa ng'ombe yule mweupe. Atakujibu haraka kuliko wewe.

Mbele yetu sasa ni Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400. Chini yake ni mji wa Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zilibomoka na vitanda, meza na makabati vilibebwa. Usipite hapa ukidhani watoto wamesahau. Mtoto aliyeogopa hawezi kueleza kwa maneno kama mtu mzima. Hueleza kwa mchezo. Huchora mlima, huchora maji, hubomoa na kujenga tena kibanda cha vijiti. Mpe mahali pa kuchorea. Usimkaripie akichora jambo lile lile kila siku. Kaa naye, umsikilize.

Tumalize safari kwa fundi seremala. Ukitaka kutengeneza meza mpya, si lazima ununue mbao za bei. Mwulize fundi mabanzi. Mabanzi ni vipande vya pembeni vinavyobaki gogo likipasuliwa. Vingi huishia kuwa kuni, na bei yake ni ndogo. Mabanzi ya mgrivelea au mkaratusi yakirandwa upande mmoja hutoa meza imara. Kama una meza kuukuu yenye miguu mibovu, usiichome. Ikate miguu yote minne ibaki sentimita 46. Pima mara mbili, kata mara moja, la sivyo utaikata mpaka iwe sinia.

Mwambie fundi mambo haya kabla hujalipa. Pembe zote zizungushwe. Misumari izamishwe ndani ya ubao, isichomoze. Msasa upigwe hadi chini ya meza, kwa sababu watoto hupitisha mikono huko. Asipake rangi ya gari wala oili chafu ya injini, ingawa atakuambia inazuia mchwa. Kisha isukume meza kwa mkono mmoja. Ikiyumba, mrudishie aongeze ubao wa kuunganisha miguu. Na mchukue mtoto mwenyewe hadi kwa fundi, akae, apimwe pale pale.