Bembezi za Mto Tana na Safari ya Tasnifu

Inafahamika na wengi kwamba mahadhi ya Wimbo wa Taifa wa Kenya yalitokana na bembezi ya Wapokomo, jamii ya wakulima na wavuvi wanaoishi kandokando ya Mto Tana. Tume ya wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ndiyo iliyoutayarisha wimbo huo kabla ya uhuru wa Desemba 1963, na jina la Mzee Meza Moroa Galana hutajwa pamoja nao kwa kuwa ndiye aliyewapelekea bembezi. Kisichofahamika sana ni kile ambacho akina mama wa Tana huimba hadi leo, mtoto anapokataa kulala. Pengo hilo ndilo lililomvuta mwanafunzi mmoja wa uzamili katika fasihi simulizi, akaandika pendekezo la utafiti lenye kurasa thelathini.

Mada yake ilisomeka: Bembezi za Jamii za Delta ya Tana kama Chimbuko la Wimbo wa Taifa. Palikuwa na maswali matatu ya utafiti, nadharia ya Uamilifu na mihimili yake, usampulishaji wa kimaksudi, hojaji na kinasasauti. Lilikuwa pendekezo zuri, kwa namna ambavyo mapendekezo yaliyoandikiwa maktabani huwa mazuri.

Msimamizi wake alipiga mstari mwekundu mahali pawili. Kwanza ni pale ilipoandikwa kwamba Kipokomo ni lahaja ya Kiswahili. Nurse na Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walionyesha kwa kina kwamba Kipokomo, Kimijikenda, Kielwana, Kikomoro na Kiswahili ni lugha ndugu katika kundi la Sabaki. Ndugu si mtoto. Na hili si suala la istilahi tu, kwa sababu mtafiti anayeamini kwamba anasikiliza lahaja ya lugha yake mwenyewe husikia nusu ya neno, kisha nusu ya pili akaijazia kutoka kichwani. Mstari wa pili ulikuwa chini ya maneno "jamii za delta". Waorma ni wafugaji, na lugha yao ni ya Kikushi. Wawardei nao wapo. Msimamizi aliuliza pembeni: "Hawa wote utawafikia kwa lugha gani?" Swali hilo halikujibiwa wakati huo. Liliwekwa katika sehemu ya upeo na mipaka, mahali ambapo maswali magumu huhifadhiwa.

Ratiba ilisema Novemba 2023. Mto nao ulikuwa na ratiba yake. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka huo ziliufurisha Tana, mashamba na nyumba zikafunikwa, watu wengi wa kaunti hiyo wakahamia kwenye kambi. Hapakuwa na mtu wa kusailiwa kuhusu nyimbo. Safari iliahirishwa hadi Februari 2024, na ikabidi imalizike kabla ya masika, kwa kuwa mafuriko yangeweza kurudi. Yalirudi kweli, kati ya Aprili na Mei. Ratiba ya utafiti wa Garsen yafaa ianze kwa kuuliza maji yako wapi, ndipo tarehe za chuo zifuate.

Kuhusu vibali, yatosha kusema kwamba leseni ya NACOSTI huombwa kwa intaneti, na mwenye kuipata hutakiwa kujitambulisha kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu. Makao ya Kaunti ya Tana River yako Hola, si Garsen, kwa hiyo nauli ya Hola iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Mihuri ikishapatikana, kuna chifu, na baada ya chifu kuna wazee. Wazee hawakusoma leseni. Waliuliza mgeni ni mtoto wa nani, ametumwa na nani, na atakaa siku ngapi.

Ugumu halisi ulitokea kwenye fomu ya ridhaa. Karatasi ile ilikuwa ya kawaida kabisa: jina, tarehe, sahihi. Lakini katika delta hii karatasi za wageni zimekuwa zikija na habari za ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 palikuwa na mipango ya mashamba makubwa ya miwa na ya jatrofa, na kesi zikafika mahakamani. Mama anayeombwa kutia sahihi ili aimbe ana haki ya kujiuliza wimbo unahitaji sahihi ya nini. Mwanafunzi aliiweka fomu mkobani, akaomba ridhaa kwa mdomo mbele ya watu wawili, akairekodi. Kanuni za maadili ya utafiti huruhusu hivyo, ila ni wachache wanaolitaja jambo hili katika mapendekezo yao.

Kulikuwa na jingine lisilosemwa waziwazi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma. Riketa, Kilelengwani na Kipao ni majina ambayo huko hayatamkwi kwa wepesi. Swali la nne la hojaji liliuliza: "Bembezi hii ulifundishwa na nani, na yuko wapi sasa?" Katika boma la tatu, swali hilo lilinyamazisha watu. Kuanzia jioni ile nusu yake ya pili ilifutwa. Na hapo ndipo swali la msimamizi lilipopata jibu pia. Wiki tatu zilizobaki, bila kujua Kiorma, zingetosha kuokota nyimbo mbili tatu za Waorma ili kupamba jedwali. Neno "jamii" likaondolewa katika mada, na sababu ikaelezwa peupe. Wapo watakaosema kwamba kuandika juu ya upande mmoja mahali kama pale ni kuegemea. Lakini kuwataja Waorma kwa nyimbo mbili ambazo mtafiti hakuzielewa kungekuwa kuwadharau, na dharau nayo ina upande wake.

Nyimbo zenyewe zilikuja kwa namna ambayo nadharia haikutabiri. Walipoombwa bembezi mbele ya kinasasauti, akina mama walisimama, mikono ikanyooka ubavuni, wakaimba polepole na kwa pamoja. Waliimba bembezi kama wimbo wa taifa! Miaka sitini ya gwaride ilikuwa imeirudia nyimbo hiyo na kuifunza adabu. Ilikuwa adhuhuri ya siku ya tano, watu wamechoka na mgeni amesahauliwa, ambapo mtoto mmoja alilia na mama yake akaanza. Aliimba nusu ubeti, akakatiza kumkemea kuku, akarudia, akavumisha kwa pua pale maneno yalipokwisha, kasi ikifuata mkono uliokuwa ukimpigapiga mtoto mgongoni. Sura ya nne yote imesimama juu ya adhuhuri ile.

Siku ya kuagana, bibi mmoja aliyekuwa ameimba nyimbo mbili alisema: "Ngoma yetu walichukua Waingereza, ikaenda Ulaya. Wimbo ukachukuliwa, ukaenda Nairobi. Nawe, mwanangu, unachukua hizi. Zitarudi lini?" Ngoma aliyoitaja ni Ngadzi, ngoma kuu ya Wapokomo, iliyotwaliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902 na kufikishwa katika British Museum, London, mwaka 1908. Pendekezo lilikuwa na sehemu ya umuhimu wa utafiti, nayo ilitaja wanafunzi, walimu na watunga mitaala. Bibi hakuwamo.

Siku mbili zilizosalia hazikutumika kukusanya data. Zilitumika Garsen mjini kununua kadi za kumbukumbu za simu, kunakili sauti na kumpelekea kila mwimbaji zake. Waimbaji walikuwa saba. Sita walipokea. Wa saba alisikiliza wimbo wake hadi mwisho, akauomba ufutwe, ukafutwa akiwa anatazama. Ndiyo maana kiambatisho cha tasnifu kina bembezi kumi na moja, na nambari ya tisa imeachwa wazi.